Kengele Uliyoiacha Bila Jina

Adeer Salat,

Assalamu alaykum, wewe uliyetutangulia. Salamu hii ilifaa niitoe nikiwa nimesimama kaburini kwako, lakini unajua wanawake wa kwetu hatufuati jeneza. Siku waliyokubeba mimi nilibaki uani na mkeo na binti zako, nikiosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Kaburi lako sijaliona mpaka leo. Naambiwa liko kushoto ukiingia, karibu na ua wa miiba, na kwamba mvua zilipokuja lilititia kidogo, wakaongeza mchanga. Basi nimeona nikuandikie.

Nakuandikia kwa Kiswahili, usinicheke. Miaka minne tuliyokaa pamoja kwenye kile chumba cha makumbusho nyuma ya maktaba, midomo yetu ilikuwa ya Kisomali na karatasi zetu za Kiswahili. Ulisema kadi ya makumbusho ya Garissa lazima imfae dereva Mkamba na mwalimu wa Lamu na Mmalakote wa kando ya mto, siyo sisi peke yetu. Nilikuita Adeer, baba mdogo, ingawa hatukuwa na damu moja, na wewe uliniita Hawa wa mjini kila nilipokosea jina la mti.

Nimekosea kitu kikubwa kuliko jina la mti. Nataka niseme mapema, kwa sababu nikianza kuzungukazunguka sitafika. Nimeandika jambo ambalo lingeweza kumwaga damu ya watu, na nililiandika nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, na nikiwa najiona mjuzi.

Ulipofariki walikaa miezi miwili bila kuleta mtu. Halafu ikaja barua kwamba mimi, msaidizi, nishike kazi mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Pamoja na barua ilikuja kompyuta, nzito, ya rangi ya maziwa yaliyokaa, na kurasa kumi na moja zilizobanwa pini. Juu yake palikuwa pameandikwa kwamba huo ni mwongozo wa kuandika habari za vifaa vya makumbusho kwa ajili ya kuwekwa kwenye mtandao. Ule mradi wa Nairobi ambao ulikuwa ukiusikia ukitikisa kichwa, umefika. Kila chumba kidogo cha makumbusho, hata chetu chenye paa linalovuja, kilitakiwa kuandika upya kadi zake, kuzitia kwenye disketi na kuzipeleka, ili mtu yeyote duniani afungue aone.

Adeer, nikwambie ukweli, niliupenda ule mwongozo. Niliusoma mpaka pini ikachomoka. Na mengi yake ungeyapenda hata wewe. Sema kwanza unachokiona, ndipo useme unachokidhani. Taja jina ambalo wenyewe wanakiitia kifaa, kisha ndiyo ueleze ni nini. Usiandike "cha kale sana", andika ni cha lini, na kama hujui sema hujui. Pima kwa sentimita. Usisifu. Nilikuwa nasoma huku naitikia peke yangu, naam, naam, na Bi Mwende wa maktaba akachungulia akidhani nina mgeni.

Yako yalinipa taabu. Wewe uliandika kadi kana kwamba unamwandikia ndugu. Kwenye kile kigogo cha kulazia kichwa kilichotoka Sangailu uliandika, "Mwenyewe alilia alipokitoa." Mwongozo unasema hisia za watu si sifa za kifaa, nami nikafuta. Kila jina la marehemu uliliwekea dua, Mungu amrehemu, Mungu amrehemu, na mwongozo unasema majina yaandikwe matupu, bila cheo wala dua. Nilishinda siku nzima nafuta dua. Ilipofika alasiri nikafika kwenye mstari wa mkusanyaji, na hapo ni jina lako. Wewe hukujiwekea dua, ulikuwa hai. Nilitamani kukuongezea nami. Nikakaa nikilitazama jina mpaka umeme ukakatika, na niliporudi kesho yake nililiacha tupu kama sheria inavyotaka. Nilijiona nimefanya kazi. Sasa hivi nikilikumbuka nasikia aibu mpaka kwenye masikio.

Lakini hilo si kosa lenyewe.

Kosa lilianzia kwenye sheria ya ukurasa wa nne, kwamba hakuna nafasi itakayoachwa wazi. Mtengenezaji, mtoaji, mahali, jamii, zote zijazwe. Na kadi zako nyingi zilikuwa na nafasi ambazo hukuandika kitu, ulichora tu kimstari kwa penseli. Nilidhani ni macho. Ulikuwa na mtoto wa jicho, ulikataa kwenda kupasuliwa, na mwaka wako wa mwisho ulikuwa unamimina chai nje ya kikombe. Nikasema maskini Adeer, alikuwa haoni tena pa kuandika, sasa mimi nitamkamilishia. Nilikuwa nakufanyia hisani, fikiria! Kila nilichokikumbuka nilikijaza. Na mimi nakumbuka vitu, unanijua.

Nikafika kwenye kadi ya ile kengele ya ngamia. Uliandika maneno machache tu. "Koor. Kengele ya ngamia, ya mti. Imeletwa na mtu mwema." Halafu vimstari vitatu.

Niliikumbuka siku ilipoletwa. Ilikuwa mwaka wa zile mvua kubwa, mto ulipokula barabara na malori yakakwama ng'ambo ya daraja, Madogo, na sukari ikawa kitu cha kunong'onezana. Alikuja Mzee Gabow, dalali wa soko la mifugo, mtu ambaye Garissa nzima inamjua kwa ndevu zake za hina na kwa kutopandisha sauti. Alikuwa na gunia. Uliniambia nikachemshe chai. Nikakwambia chupa imejaa, nimeijaza sasa hivi. Ukaniambia, "Hawa, kachemshe chai." Nikaenda nimenuna. Nilichosikia ni neno moja tu kutoka kwake, kupitia dirisha: kwamba ibaki kwako, maana yeye hawezi kuisikia tena. Nilidhani anasema masikio yake yameharibika.

Basi nikajaza. Kwenye nafasi ya mtoaji nikaandika jina lake lote, la baba yake na la babu yake. Kisha nikaigeuza kengele, nikaona ile alama iliyochomwa kwa chuma ubavuni, na nikaitambua. Hawa wa mjini akaitambua alama ya ngamia! Nilifurahi hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha alama zile, ukizichora mchangani nje ya mlango. Nikaandika ni alama ya ukoo gani. Sitautaja hapa, nimeshakoma.

Adeer, Mzee Gabow si wa ukoo huo. Mtoto yeyote aliyekulia nyuma ya ngamia angesimama hapo hapo. Kengele yenye alama haipelekwi sokoni, inakwenda na ngamia anayeongoza wenzake, na ngamia yule haachwi na wenyewe. Mtu wa huku akiwa na kengele ya kule, iko njia moja tu iliyoifikisha mkononi mwake. Mimi nilizaliwa karibu na hospitali, nilinyweshwa maziwa ya duka, nikaandika vyote viwili kwenye ukurasa mmoja, jina na alama, halafu kwenye hali ya kifaa nikaandika "nzuri".

Disketi ikaenda Nairobi na basi, pamoja na picha za vifaa. Wekesa, yule kijana anayeshughulikia mtandao kule, alinipigia simu ya maktaba kusema rekodi za Garissa ndizo zilizojazwa vizuri kuliko zote alizopokea. Nilinunua soda, nikainywa nimesimama, nikitamani ungekuwepo unione.

Haikuchukua hata mwezi. Watu wetu wamesambaa, wengine wako Kanada, na kijana mmoja wa huko, akiwa kwenye maktaba ya chuo, alikuwa anatafuta picha za kwao. Akaikuta kengele. Akapiga simu Wajir, Wajir ikapeleka habari Bute, juu kaskazini, na siku moja asubuhi nikaona wanaume watatu wamesimama mlangoni kwetu, wamepiga pasi, wana fimbo zao, wamevua viatu ingawa hakuna mkeka.

Waliniongelesha Kiswahili. Hilo ndilo lililonitia hofu kwanza. Mtu wa lugha yako akikuongelesha Kiswahili ameshakufanya serikali. Yule mkubwa wao alisema kwa adabu tu, "Mama, bicha ya hii kengele iko kwa kombyuta. Sisi nataka kuona na macho yetu." Nikaitoa kabatini. Hakuishika mara moja. Aliinama, akaitazama ile alama, kisha akapitisha kidole ndani na kusema jina moja, Isaak. Mmoja wao akatoka nje, akaenda kusimama kwenye jua.

Wakanieleza, na sikuwaomba. Isaak alikuwa ndugu yao. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita aliwapeleka ngamia kunywa kwenye visima vya kaskazini, wakavamiwa, ngamia wakachukuliwa, na yeye akauawa. Baadaye wazee wa pande zote mbili walikaa, siku nyingi, wakayamaliza. Walikubaliana ni upande gani umekosa, na upande ule ukabeba fidia ya damu. Lakini nani hasa alikuwa pale kisimani, hilo lilifunikwa. Ndivyo walivyoweza kuchota maji pamoja tena. Yule mkubwa akanitazama na kusema, "Sisi tulikubali, hakuna kuuliza. Sasa wewe umejibu." Hakupandisha sauti. Ningependa angenitukana.

Walipoondoka niliketi chini sakafuni. Ndipo nikaelewa vile vimstari vyako. Macho yako yalikuwa yanaona kuliko yangu. Nililia kwa hasira, Adeer, na sehemu ya hasira ilikuwa yako. Kwa nini hukuniambia? Ulinifundisha kupaka mafuta mti usipasuke, ulinifundisha kuandika namba kwa wino usiofutika, na hili hukuniambia! Ulidhani utakuwepo siku zote kunituma chai?

Nisamehe. Nimeliandika na sitalikata.

Nikapiga simu Nairobi waiondoe rekodi ile. Wekesa alikuwa likizo kwao. Aliyepokea akanisomea mwongozo, mimi ambaye naujua kwa moyo: kuondoa rekodi kunahitaji barua yenye sahihi ya mhifadhi wa chumba. Na kwenye karatasi zao mhifadhi wa chumba cha Garissa alikuwa bado ni wewe. Nikamwambia amefariki. Akasema pole sana dada, basi itabidi tusubiri. Nilitia sahihi yangu mwenyewe, nikatuma kwa faksi ya posta, nikatuma tena, na ukurasa ule ukakaa wazi kwa dunia yote siku tisa. Nilizihesabu.

Katika siku hizo mji ulianza kuongea chini chini. Wajukuu wawili wa Mzee Gabow walikuwa na ngamia upande wa Tarbaj, wanatumia kisima kimoja na jamaa za Isaak. Familia ikatuma mtu awarudishe. Hata kabla hajafika, nilisikia kwamba vijana wa kule walikuwa wameshaacha kuwapa zamu ya maji. Kwetu hiyo ndiyo hatua ya kwanza, ya pili unaijua. Mama alinikataza kupita sokoni. Nikala chakula kama nakula mchanga. Nilikuwa nasali nikimwomba Mungu kitu kimoja tu, asife mtu kwa mwandiko wangu.

Siku ya kumi na moja tangu wale watatu waje nikashindwa kuvumilia, nikaenda nyumbani kwa Mzee Gabow. Binti zake walinifungulia mlango na hawakunikaribisha kukaa. Yeye alikuwa kwenye jamvi, na ndevu hajazitia hina, kumbe zimekuwa nyeupe. Nilianza kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono. Alisema, "Binti, sina hasira na wewe. Nimechoka kungoja mtu aniulize."

Akanisimulia, na nakuandikia ingawa nadhani ulikuwa unajua. Alikuwa bado na nguvu siku ile. Hakuwa na bunduki, kazi yake ilikuwa kuwaswaga ngamia. Usiku ule walipokuwa wakikimbia na mifugo, kengele ililia njia nzima, ikawa inawaita wenyewe wawafuate, ndipo akaambiwa aivue. Aliivua akaificha nguoni. Ngamia wakagawanywa, wakauzwa, wakafa, yeye akabaki na kengele. Aliificha kwenye kila nyumba aliyohamia, na mtoto akiigusa ikatoa sauti alikuwa anatoka nje. Akakuletea wewe kwa sababu hukuwa wa upande wake wala wa upande wao, na kwa sababu ulimwahidi haitalia.

Aliniuliza kama naweza kuibeba mpaka Bute, kwa jamaa za Isaak. Yeye atakwenda na wazee, akasema, lakini hataki kuishika.

Sheria zetu zinasema kifaa hakitoki bila sahihi ya mhifadhi. Nikajaza fomu ya kutoa, nikaitia sahihi, nikaizungushia kengele khanga mbili na kipande cha godoro ndani ili isilie. Mama alikataa mpaka kaka yangu akubali kufuatana nami. Tulipanda lori la mizigo, mimi na kaka mbele na dereva, na wazee wa pande zote mbili juu ya magunia ya unga, wamekaa mbalimbali kadiri magunia yalivyoruhusu. Siku ya kwanza hawakusemezana. Ya pili gurudumu lilizama mchangani kabla ya Wajir, wakashuka wote kusukuma, na nikasikia mmoja akimkemea mwingine kwamba anasukuma kama mtu aliyeshiba. Nikamshukuru Mungu kwa gurudumu lile.

Mjane wa Isaak anaitwa Habiba. Nilimwita Eeddo, shangazi, na akaniitikia. Ni mwanamke mwembamba, anauza maziwa, na yule kijana wa Kanada ni mwanawe wa pekee, aliyekuwa tumboni baba yake alipouawa. Walitandika mikeka uani. Wazee waliongea kwanza, kwa mpango wao, na mpwa mmoja wa Isaak alinyanyuka katikati, akaondoka bila kumpa mtu mkono. Hakuna aliyemzuia. Kisha Eeddo Habiba akasema aletewe kitu cha mumewe.

Niliifungua khanga. Akaichukua, akaiweka mapajani, akaingiza mkono ndani na kupapasa vile vigongo vinavyopiga. Akasema kimoja ni cha upawa wake. Upawa wake wa kwanza wa nyumba yao mpya ulivunjika, akamlalamikia Isaak, naye akacheka, akauchonga akautia kwenye kengele, akamwambia sasa kila ngamia akitembea utasikika unapika. Kengele yenyewe aliichonga Isaak, akiwa chini ya kivuli cha nyumba yao, siku tatu. Mimi nilikuwa nimeandika mtengenezaji hajulikani. Mwenye jibu alikuwa hai, anauza maziwa Bute, na sikuwa nimeuliza mtu.

Kisha akamgeukia Mzee Gabow. Nilidhani atamuuliza nani alipiga risasi. Nadhani hata yeye Gabow alikuwa amejiandaa kwa hilo, maana mikono yake ilikuwa imeshikana. Eeddo Habiba alimuuliza hivi, "Alikuwa amekunywa maji?"

Miaka yote ile, Adeer, hilo ndilo lililokuwa linamla. Ilikuwa jilali, kiangazi kibaya, mumewe alitoka alfajiri na chombo kilichovuja, na hakuna aliyeweza kumwambia kama aliuawa kabla ya kufika kisimani au baada. Wazee walikuwa wamepatanisha kila kitu, na swali lake halikuwa na pa kuulizwa.

Mzee Gabow alisema, "Alikunywa. Nilimwona. Aliinama akanywa, akajimwagia kichwani, ndipo wakatokea." Akaanza kulia, mtu mzima yule, kwa sauti, ndevu zake zikitikisika. Eeddo Habiba hakulia. Alisema alhamdulillah mara moja, akafunika kengele kwa ncha ya shela yake, na akawaambia wanawake wapakue chakula.

Siwezi kukuambia kwamba yote yamekwisha. Yule mpwa hajarudi kukaa na wazee. Lakini wajukuu wa Gabow wanapewa zamu yao ya maji, na Mzee Gabow amerudi sokoni, ingawa hina hapaki tena. Kengele imebaki Bute. Chumba chako kina nafasi tupu kwenye rafu ya tatu, na nimekwisha kuiandikia fomu ya kurejeshwa kwa mwenyewe.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza Eeddo Habiba, mbele ya wazee, niandike nini. Nilimweleza kadiri nilivyoweza kwamba kuna mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kusoma, na kwamba naweza pia kutoandika lolote, ikaisha. Wazee walikubaliana bila ubishi kwamba ukoo wowote usitajwe, wala aliyeileta. Eeddo aliniambia nitoe kalamu. Akasema niandike ilikuwa ya Isaak, aliichonga mwenyewe, na alikunywa maji.

Niliandika hivyo hivyo. Wekesa aliporudi kutoka likizo alinipigia. Ni kijana mwema, hana kiburi. Alisema rekodi sasa imekaa vizuri, mtengenezaji amejulikana, hongera, ila sentensi ya mwisho haihusu kifaa, ni kinyume cha ukurasa wa sita, je, aifute yeye au niifute mimi? Nikamwambia asiiguse. Akacheka kidogo, akadhani natania. Nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Akasema, "Sawa dada. Ibaki."

Na juma lililopita, Adeer, Bi Mwende alikuja mbio kuniita, simu kutoka ng'ambo. Ilikuwa sauti ya kijana, Kisomali chake kimeanza kuchanganyika. Alijitambulisha kuwa mtoto wa Isaak. Nikasema moyoni, sasa huyu ananilaani. Akaniuliza kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ndiyo, yale ya kwanza na haya ya sasa, yote ni mimi. Akasema Kiswahili chake ni kidogo, alikisoma shuleni akakisahau, na anaogopa ameelewa vibaya. Akaomba nimsomee sentensi ya mwisho kwa Kisomali. Nikamsomea. Akaomba tena, nikamsomea tena. Mara ya tatu sauti yangu iligoma, akaimalizia mwenyewe.

Nakuaga hapa, Adeer. Dua yako ninayo, naisema kila baada ya sala, na hakuna mwongozo unaofika huko kuifuta. Watakuja wengine na karatasi zao mpya, na huenda wakaleta na mtu wa kukaa kwenye kiti chako, msomi kuliko mimi. Nitampa funguo, nitampa kadi zote, nitamchemshia na chai. Sentensi ile nakuahidi hataitoa. Anayetaka kuitoa atapanda lori, atakwenda Bute siku mbili, na atamwambia Eeddo Habiba mwenyewe.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Hawa